Hakuna Jiwe Tupu: Wakizika Hewa Ukaa, Maji Yetu Yanahamia Wapi?

Wadau, leo tuongee kuhusu uongo mmoja mdogo unaouzwa kwa bei kubwa. Uongo wenyewe ni huu: eti chini ya miguu yetu kuna nafasi tupu, imekaa tu bure, inangoja mtu mwenye mtaji aijaze hewa ukaa kisha alipwe na mataifa tajiri. Nimeusikia kwenye semina za vijana, nimeusikia kwa wanasiasa, na sai nausikia kwa wenzangu wa kutengeneza maudhui, wale wanaosoma karatasi waliyopewa huku wakitabasamu kwa kamera.

Hakuna nafasi tupu huko chini. Ukishapita kina fulani, vitundu vya jiwe vimejaa maji. Mengine matamu, mengine ya chumvi, mengine ya moto, lakini ni maji. Ukitaka kuingiza kitu hapo, lazima maji yasogee. Na mtu akikuambia atasogeza maji bila kukuambia yanasogea kwenda wapi, huyo anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Mimi ni mtu wa Mfangano. Hapa kisiwani hatuna mradi wa kuzika hewa ukaa. Mbona basi nipige kelele? Kwa sababu Kenya imeanza. Kampuni ya Octavia Carbon, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2022, pamoja na wenzao wa Cella Mineral Storage, wametangaza mradi unaoitwa Hummingbird huko Gilgil, Bonde la Ufa. Mpango ni kunasa hewa ukaa moja kwa moja kutoka angani kwa mashine, halafu kuishindilia ndani ya miamba ya volkano. Lengo walilotangaza ni tani 1,000 kwa mwaka. Ni mradi mdogo, ni wa majaribio, na sina vita na vijana wanaoujenga. Vita vyangu ni na mazoea. Mazoea yatakayowekwa Gilgil leo ndiyo yatakayopanda boti kuja kwetu kesho, na kwetu pia ni jiwe la volkano. Mfangano na Rusinga ni mabaki ya volkano ya kale ya Kisingiri, iliyolipuka mamilioni ya miaka kabla ya mtu yeyote kuvua ngege hapa.

Tuanze na jinsi mambo yanavyokwenda, maana usipoelewa hapo, utadanganywa na kila mtu.

Chukua ndoo. Ijaze mchanga wa ufuoni. Mwaga maji polepole mpaka mchanga ushibe na maji yafike ukingoni kabisa. Ukiangalia, utasema ndoo ni mchanga mtupu, lakini umeingiza maji mengi sana humo. Yamekaa katikati ya chembe. Sasa chukua mrija, uushushe mpaka chini ya ndoo, uunganishe na pampu ya baiskeli, usukume hewa taratibu. Kabla hujaona povu lolote juu, maji yatamwagika ukingoni. Hewa imechukua nafasi chini, maji yamefukuzwa juu. Kipimo cha hewa iliyobaki mchangani ndicho kipimo cha maji yaliyomwagika sakafuni kwa mama yako. Hapo ndipo penye somo lote, na hujalipa hata shilingi.

Endelea kutazama. Hewa haipandi kwa usawa kama maji yanavyopanda kwenye glasi. Inatafuta njia nyepesi, inatoboa vijia viwili vitatu, inapita humo humo. Mchanga uliobaki pembeni bado umeloa. Jiwe nalo ni vile vile. Hewa ukaa ni nyepesi na telezi kuliko maji, kwa hiyo inakimbia mbele kama vidole, inayaacha maji mengine nyuma yakiwa yamenata kwenye kuta za vitundu. Haiwezi kuyafukuza yote. Ndiyo maana ukisikia mtu anapiga hesabu ya "nafasi" kwa kuzidisha ukubwa wa jiwe na vitundu vyake vyote, jua anahesabu vyumba ambavyo wapangaji hawatatoka.

Kuna tofauti moja na ndoo. Ukishuka zaidi ya mita 800 hivi, uzito wa kilicho juu unaibana hewa ukaa mpaka inakuwa kitu cha katikati: nzito karibu kama kimiminika, lakini inapenya kama gesi. Hiyo ni habari njema kwa anayezika, kwa sababu tani moja ambayo hapa juu ingejaza nyumba nzima, huko chini inachukua takriban mita 1.5 za ujazo. Lakini bado ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo inataka kupanda. Lazima juu yake kuwe na jiwe la kifuniko lisilopitisha. Na bado zile mita 1.5 zina maji ndani yake. Piga hesabu ya mtungi wa lita 20, ule tunaobebea maji ya ziwa: tani moja ya hewa ukaa inafukuza mitungi 75. Tani 1,000 ni mitungi 75,000. Tani milioni moja, ambayo ndiyo saizi ya biashara yenyewe wakishakua, ni mitungi milioni 75. Yote hiyo inahama chumba kwa lazima.

Inahamia wapi? Hapa ndipo wale wa semina huwa wanakunywa maji ya chupa kwanza.

Kama jiwe liko wazi na limeenea mbali, maji yanasukumana pembeni taratibu, na kila tone linasogea kidogo tu. Huo ndio mfano wa Sleipner, Norway. Tangu 1996 wamekuwa wakizika hewa ukaa, kwa miaka mingi karibu tani milioni moja kwa mwaka, chini ya Bahari ya Kaskazini, kwenye mchanga mpana uliojaa maji ya chumvi. Imefanya kazi. Sitakataa kwa sababu tu nataka kupendwa na mashabiki. Lakini angalieni walipochagua: chini ya bahari, maji ya chumvi, na hakuna mama hata mmoja anayechota hayo maji asubuhi.

Kama jiwe limefungwa pande zote, maji hayana pa kwenda, na presha inapanda. Nenda Barrow Island, Australia Magharibi, kwenye mradi wa Gorgon wa Chevron. Walianza kuzika 2019, zaidi ya kilomita 2 chini. Walijua kwamba maji lazima yatoke, wakachimba visima maalum vya kuyavuta ili gesi ipate nafasi. Visima hivyo vikasumbuliwa na mchanga, maji hayakutoka inavyotakiwa, na gesi haikuingia inavyotakiwa. Wamezika kidogo sana kuliko walivyoahidi. Kampuni kubwa, pesa nyingi, wahandisi wa kila aina, na kilichowakwamisha ni swali langu la ndoo: maji yanaenda wapi?

Au njoo hapa barani kwetu, In Salah, jangwa la Algeria. Kati ya 2004 na 2011 walizika karibu tani milioni 4. Setilaiti zikaona ardhi juu ya visima ikinyanyuka, milimita kwa milimita, kama andazi kwenye mafuta. Gesi kidogo ikajitokeza kwenye kisima cha zamani cha utafiti ambacho mtu alikichimba miaka ya nyuma na kukisahau. Wakasimamisha kazi kwa wasiwasi kuhusu kifuniko. Hakuna aliyekufa. Lakini shikeni hilo la kisima cha zamani, nitalirudia.

Kitu ambacho hakiwekwi kwenye mabango ni hiki: gesi yenyewe inaweza kutembea kilomita chache tu kutoka kisimani, lakini presha inayosukuma maji inatembea mbali zaidi, hata makumi ya kilomita mradi ukiwa mkubwa. Kwa hiyo ukioneshwa ramani yenye duara dogo jekundu, uliza hilo ni duara la gesi au la presha. Anayeishi nje ya duara la gesi anaweza kuwa ndani kabisa ya duara la presha, na hakualikwa kwenye mkutano wala hakupewa soda.

Sasa najua wataalamu wa Gilgil wataniambia: wewe kijana wa omena, sisi hatuzungumzii njia hiyo. Sisi tunafuata njia ya volkano, hewa ukaa inageuka jiwe. Sawa, tuizungumzie, kwa sababu ni nzuri kweli.

Iceland, mradi wa Carbfix, 2012. Badala ya kusukuma gesi peke yake, waliiyeyusha kwenye maji, kama soda, wakaishusha kwenye basalti. Maji ya namna hiyo ni makali, yanayeyusha kalisi, magnesi na chuma kutoka kwenye jiwe, halafu vinashikana na kaboni na kuwa madini mapya. Mwaka 2016 walichapisha matokeo: zaidi ya 95% ya walichoingiza kwenye jaribio hilo kiligeuka jiwe ndani ya chini ya miaka miwili. Kitu kikishakuwa jiwe hakipandi tena. Hata sisi tuna ushahidi nyumbani. Ile chokaa ya kuchimbwa, kabla ya kuchomwa tanuruni, 44% ya uzito wake ni hewa ukaa iliyofungwa. Vilima vya Homa na vya Ruri, upande wa bara, vina miamba ya volkano iliyojaa kaboni. Maumbile yalifanya kazi hii kabla ya kampuni yoyote kusajiliwa.

Lakini soda inatengenezwa na nini? Maji. Kwa njia hiyo ya Carbfix, tani moja ya hewa ukaa ilihitaji takriban tani 25 za maji. Hiyo ni mitungi 1,250 kwa tani. Ukizidisha kwa tani 1,000 unapata mitungi milioni moja na laki mbili unusu kila mwaka. Iceland wanayo maji ya kumwaga, na mengine wanayazungusha kutoka kwenye mtambo wa mvuke wa hapo hapo. Bonde la Ufa je? Kama watatumia maji yanayobaki baada ya kuvuna mvuke, vizuri, waseme ni kiasi gani na kutoka kisima gani. Kama watachimba mengine, waseme pia. Swali limebadilika kutoka "maji yanaenda wapi" kuwa "maji yanatoka wapi na yanaenda wapi". Halijafutika, limekuwa mara mbili.

Na maji ya chini ya Bonde la Ufa si maji ya kuchezea. Yana floraidi nyingi kiasi cha kuharibu meno na mifupa. Muulize mtu yeyote aliyekulia Nakuru au Naivasha kwa nini wengine wao wana meno ya kahawia. Visima vya huko vinatofautiana, hiki kinafaa, kile hakifai. Sasa ukianza kusukuma maji chini, yale mabaya yanaelekea kisima kipi kizuri? Huenda hakipo hata kimoja. Lakini jibu hilo litoke kwenye vipimo vilivyowekwa hadharani. Tabasamu la afisa mawasiliano halipimi floraidi.

Nigeuke upande wa pili, kwa sababu nao wananichosha. Kuna wale wanaoposti kwamba watazika hewa ukaa halafu Nam Lolwe italipuka tufe wote usingizini kama Nyos. Tulieni. Ziwa Nyos la Cameroon liliua watu wapatao 1,700 usiku wa Agosti 21, 1986, ni kweli. Lakini lile ni ziwa jembamba la kreta, lenye kina cha zaidi ya mita 200, na gesi ilikuwa imejikusanya chini miaka mingi bila maji kuchanganyika. Ziwa letu lina kina cha wastani wa mita 40, na penye kina zaidi ni kama mita 80, na upepo unalikoroga mwaka hadi mwaka. Halikusanyi gesi vile. Mwenye kutia watu hofu ya uongo anamsaidia mwenye kampuni, kwa sababu kesho mwenye swali la kweli ataonekana mwendawazimu kama yeye.

Ukitaka hofu ya kweli iko karibu zaidi, na ina jina la Kiswahili: mazuku. Watu wa Goma ndio wanaoita hivyo zile dimbwi za hewa ukaa zinazotoka ardhini karibu na volkano na kulala mabondeni, kwa sababu ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Mbuzi akiingia, anaanguka. Mtoto akiingia, hivyo hivyo. Huo ni ushahidi kwamba jiwe la volkano lina nyufa. Na upande mwingine kuna Kereita, kaunti ya Kiambu, ambako kampuni ya Carbacid imekuwa ikivuna hewa ukaa ya asili kutoka chini ya ardhi kwa miongo mingi na kuiuza kwa watengeneza soda. Huo ni ushahidi kwamba kuna mahali jiwe linashikilia gesi vizuri kabisa. Kwa hiyo yote mawili yanawezekana. Inategemea jiwe lenyewe, nyufa zake, na visima vya zamani vilivyotobolewa humo. Ndiyo maana hatuwezi kukubali jibu moja la jumla kwa kila mahali.

Sasa tuje kwa mwenye mali. Hapa ndipo nataka kila mtu aamke.

Katiba ya Kenya, Kifungu cha 260, inapotafsiri neno ardhi haiishii kwenye udongo wa kupanda mahindi. Inataja jiwe la chini ya uso wa dunia. Inataja maji yaliyo juu na yaliyo chini. Sheria ya Maji ya 2016 nayo inasema rasilimali zote za maji zinashikiliwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi. Kwa lugha ya bichi: jiwe lina mwenyewe, na maji yaliyo ndani yake yana mwenyewe. Kile kitundu wanachokiita "nafasi" kimezungukwa na mali ya watu pande zote, na kimejaa mali ya watu ndani.

Halafu kuna Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, iliyorekebishwa 2023. Inataka mradi wa kaboni wa ardhi uipe jamii angalau 40% ya mapato ya mwaka uliotangulia. Mradi usio wa ardhi, 25%. Mwaka 2024 zikaja kanuni za utekelezaji. Sasa nabashiri, na mtaniambia: siku moja atakuja wakili amevaa tai nzuri, aseme mashine yetu inanasa hewa ya angani, kwa hiyo huu si mradi wa ardhi, chukueni 25. Mfungulieni Kifungu cha 260. Hewa mnaitoa angani, sawa, lakini mnailaza wapi? Mkiilaza kwenye jiwe, mmetumia ardhi. Mkisukuma maji ya jiwe hilo, mmetumia ardhi mara ya pili. Msimamo wangu ni kwamba kuzika ni mradi wa ardhi, na yeyote anayesema vinginevyo aende akabishane na Katiba.

Kuna jirani yangu, mzee ninayemheshimu sana, aliniuliza, "Kijana, mbona unawafukuza watu wa kazi? Watoto wetu wakae bichi mpaka lini?" Mzee, sifukuzi mtu. Kazi naitaka kuliko wewe. Lakini hesabu ya dunia iko wazi: hewa ukaa ambayo Kenya inatoa kwa kuchoma mafuta na makaa haifiki hata 0.1% ya ile ya dunia nzima. Takataka hii si yetu. Tunaombwa kutunza takataka ya wenzetu ndani ya jiwe letu, kwa karne nyingi, na maji yetu ndiyo yatakayopisha. Mtu akiniomba nimwekee mzigo chumbani nitamwekea, kwa malipo. Lakini kwanza nitauliza mzigo ni nini, utakaa kwa muda gani, na je, nihamishe kitanda cha mama? Kuuliza hivyo si ukorofi, ndivyo mwenye nyumba anavyouliza.

Kwa hiyo, Gilgil leo na popote kesho, nadai mambo manne, na nawaomba myadai pamoja nami kabla sahihi hazijakauka.

Kwanza, ramani ya presha, mbali na ile ya gesi. Kila kijiji kilicho ndani yake kiitwe kwenye mkutano, hata kama kiko kilomita 20 mbali.

Pili, orodha ya visima vyote vya zamani vilivyotoboa jiwe hilo, vya maji na vya mvuke, na nani ameviziba na lini. Algeria walifundishwa na kisima kimoja tu kilichosahauliwa.

Tatu, vipimo vya maji ya visima vya wananchi kabla ya tani ya kwanza kuingia, halafu kila mwezi, vibandikwe hadharani kwa Kiswahili na kwa lugha ya mahali. Chumvi, floraidi, ukali wa maji, presha. Kifungu cha 35 kinatupa haki ya kupata habari, si hisani. Bila kipimo cha mwanzo, siku maji yakibadilika wataambiwa yalikuwa hivyo tangu zamani.

Nne, pesa ya dhamana ikae benki tangu siku ya kwanza. Kampuni changa zinakufa. Kuna zinazokufa kabla ya mtoto kumaliza shule ya msingi. Hewa ukaa inatakiwa kukaa chini miaka elfu. Nani atalinda kisima mwaka wa 31, wakati tovuti imefungwa na mkurugenzi amehamia biashara nyingine?

Mkiweza kujibu manne hayo, nitakuja Gilgil na kamera yangu mwenyewe, niwapigie video ya bure, nisifu, niseme Wakenya wamefanya jambo ambalo Chevron walishindwa. Mkishindwa, basi msituambie tena chini kuna nafasi. Chini kuna maji, na maji hayo yana watu.